Tembo la Alfajiri Halingoji Jioni

Katika mwambao wa kaskazini wa jimbo la Cabo Delgado nchini Msumbiji, kuanzia Kionga karibu na mdomo wa mto Ruvuma, kupita Palma, hadi Mocímboa da Praia, siku ya mgema huanza kabla ya jua. Wakati waumini wanatoka msikitini na wavuvi wanasukuma mitumbwi yao majini, yeye hufunga kibuyu kiunoni, huchomeka kotama yake, kisha hukwea mnazi kwa kukanyaga vipandio vilivyochongwa katika shina. Akifika kileleni humimina kile kilichodondoka usiku kucha, hupunguza kidogo ncha ya karara kwa kotama, hutega tena chombo chake, na kushuka. Jioni kabla ya giza huukwea mnazi ule ule kwa mara ya pili. Kazi hiyo haina Ijumaa wala Jumapili, kwani karara lisipochongwa kwa siku chache kidonda chake hukauka, na maji hayatoki tena.

Kinachoteremshwa ni tembo la mnazi. Waswahili wa Lamu, Mombasa, Unguja na Kilwa wanalijua kwa jina hilo. Katika Msumbiji jina lililoenea ni sura. Ni kinywaji kisichopikwa, kisichotiwa dawa, wala kufungwa katika chupa ya kiwandani. Hunywewa kilivyo, kingali hai, na uhai wake ndio utamu wake na ndio ufupi wa umri wake. Anayetaka kulionja tembo kwa haki hana budi kujua saa lilipoteremshwa na mtu aliyeliteremsha. Jambo la tatu, ambalo watu wa mwambao huo wamelijua kwa uchungu tangu mwaka 1917 ulipopita karne moja, yaani tangu Oktoba 2017, ni kwamba tembo jipya hupatikana tu pale ambapo mtu anaweza kutoka nyumbani kwake alfajiri bila ya hofu.

JINA LILILOVUKA BAHARI

Neno sura lilikuja na Wareno kutoka Bara Hindi. Garcia de Orta, tabibu Mreno aliyechapisha kitabu chake huko Goa mwaka 1563, alilitaja alipoeleza manufaa ya mnazi. Hilo si ajabu, kwani mpaka mwaka 1752 makoloni ya Wareno katika pwani ya Msumbiji yalitawaliwa kutoka Goa, na merikebu zilizobeba watu na bidhaa zilibeba maneno pia.

Ufundi wenyewe, hata hivyo, ni wa kale kuliko Wareno katika bahari hii. Msafiri Ibn Battuta, ambaye alizuru Mogadishu, Mombasa na Kilwa mwaka 1331 na kisha akaelekea Dhofar katika Oman ya leo, alieleza jinsi watunza minazi walivyopanda asubuhi na jioni, wakakata bua la ua na kufunga chombo kidogo chini yake. Alitaja kwamba mpandaji huchukua vyombo viwili: kimoja cha kutilia utomvu, na kingine chenye maji ya kuoshea bua kabla ya kulichonga upya. Utomvu huo ulipikwa mpaka ukawa asali. Msomaji atazame vizuri kile chombo cha pili. Takriban miaka 700 iliyopita, watu wasiokuwa na darubini ya kuonea vijidudu walikwisha tambua kwamba kinywaji kizuri huanza na usafi wa pale juu ya mti.

Namna ya kugema haijabadilika sana. Mgema huchagua karara ambalo halijapasuka, yaani lile ala ambalo ndani yake mna maua ya mnazi. Hulifunga kwa kamba lisifunguke, huliinamisha kidogo kidogo kwa siku kadhaa, kisha hukata ncha. Maji matamu ambayo yangelisha nazi changa huanza kudondoka. Mnazi mmoja ulio mzima aghalabu hutoa lita moja hadi mbili kwa siku, na karara moja huweza kugemwa kwa wiki kadhaa. Lakini karara lililogemwa halizai. Kila kibuyu cha tembo ni nazi zilizosamehewa, na ndiyo maana mwenye shamba na mgema hupatana kwanza ni minazi mingapi itakayogemwa na mingapi itakayoachwa izae.

SAA ZA TEMBO

Utomvu unapotoka katika karara una sukari ipatayo sehemu 12 hadi 15 katika 100, na hauna ukali wowote. Lakini hata kabla ya kufika chini umekwisha ingiliwa na chachu pamoja na bakteria zilizomo hewani, katika gome la mnazi, kwa wadudu wanaovutwa na utamu, na hasa katika kibuyu chenyewe ambacho hakikosi masalio ya jana. Viumbe hao hula sukari na kutoa kileo na hewa. Katika joto la pwani hawachelewi.

Kwa hiyo tembo moja huwa vinywaji vitatu katika muda mfupi. Katika saa ya kwanza au ya pili baada ya kuteremshwa, huitwa tembo tamu. Rangi yake ni nyeupe iliyofifia, mithili ya maji yaliyooshea mchele. Harufu yake ni ya dafu na mkate unaoumuka. Likitiwa mdomoni utamu hutangulia, kisha huja mchomo mdogo wa povu katika ulimi, na mwisho hubaki ladha ya nazi changa. Wazoefu hawalipigi funda moja. Hulishika kidogo mdomoni, kwani ule mchomo ndio unaoeleza umri wake. Mchomo ukiwa haba, tembo lingali changa. Ukizidi, saa zimekwenda.

Kufikia adhuhuri utamu umepungua na ukali umepanda. Mwisho wa siku kileo huweza kufika sehemu 4 au 5 katika 100, nacho huendelea kupanda usiku. Hilo ndilo tembo kali, ambalo wako walipendao kuliko lile tamu. Siku ya pili na ya tatu bakteria nyingine hushika zamu, zikageuza kileo kuwa siki. Hapo mnywaji hukunja uso, lakini mpishi hufurahi.

Kwa mwambao ambao wakazi wake wengi ni Waislamu, saa hizi si suala la ladha peke yake. Kinywaji kinacholevya ni haramu kwao, na kwa kuwa tembo huanza kuchacha lingali mtini, familia nyingi hujiepusha nalo kabisa. Huko India na Sri Lanka wagema wanaotaka utomvu usiochacha hupaka chokaa ndani ya chombo, na chokaa hiyo huzizuia chachu zisifanye kazi. Asali iliyopikwa mara tu utomvu ulipoteremshwa, na siki iliyojigeuza yenyewe, ni mambo mengine, na kwa njia hizo mnazi huo huo umeweza kuhudumia nyumba za kila namna.

WAJAPANI NAO WANA LAO

Msomaji asidhani kwamba kupenda kinywaji kilicho hai ni tabia ya watu wa minazi tu. Wajapani hutengeneza sake kwa mchele, na tangu karne ya 16 walijua kuipasha moto ili isiharibike, miaka 300 hivi kabla ya Louis Pasteur wa Ufaransa kueleza katika miaka ya 1860 kwa nini joto huhifadhi mvinyo. Sake ya kawaida hupashwa moto mara mbili: kabla ya kuwekwa ghalani, na tena wakati wa kutiwa chupani. Lakini iko nyingine iitwayo namazake, ambayo haipashwi moto hata mara moja. Wanaoipenda husema ina uchangamfu na harufu ya matunda ambayo moto huiondoa. Gharama yake ni kwamba lazima ikae katika baridi tangu kiwandani hadi mezani. Ikiachwa katika joto hubadilika ladha, na bakteria wanaoogopwa na watengenezaji sake huweza kuifanya tope na chachu.

Mjapani basi na mtu wa Palma wamekutana katika jambo moja: wote wawili hupenda kile ambacho moto haujakigusa, na wote hulipia mapenzi hayo kwa uangalifu. Tofauti yao ni kwamba namazake huweza kungoja wiki na miezi ndani ya jokofu, wala mnywaji hahitaji kumjua aliyeitengeneza. Tembo halingoji. Jokofu hulichelewesha kwa siku moja au mbili tu, na vijiji vingi vinavyogema havina umeme. Palipokosekana mashine ya baridi, kilichobaki ni miguu ya mgema na umbali mfupi kati ya mnazi na kikombe.

TEMBO JIKONI

Mama wa nyumbani wa pwani hatupi tembo. Matumizi yake ni matatu, na kila moja lina saa yake.

La kwanza ni asali. Tembo lichujwe kwa kitambaa safi mara lifikapo, litiwe katika sufuria pana, lipikwe kwa moto wa wastani huku povu likienguliwa. Moto huua chachu, na maji hukauka mpaka ibaki asali ya rangi ya kahawia. Lita 6 au 7 hutoa kiasi cha lita moja tu, kwa hiyo kazi hii yataka kuni na subira. Asali ikianza kuvuta kama uzi, moto uondolewe, la sivyo itaungua na kuwa chungu.

La pili ni hamira. Tembo la asubuhi lenye povu jingi huumua vitumbua na mikate ya kumimina. Mchele vikombe vitatu ulowekwe usiku kucha, usagwe laini pamoja na tui zito, kisha utiwe sukari, iliki na kikombe kimoja cha tembo lililochujwa. Ufunikwe mahali penye joto hadi uumuke na kutoa matundu juu, ndipo uchomwe katika chuma cha vitumbua. Nyumba zinazojiepusha na tembo hutumia hamira ya dukani, nayo hufaa. Lakini wale waliozoea huitambua harufu ya tembo katika kitumbua kabla hawajakitia mdomoni.

La tatu ni siki. Tembo lililopita wakati litiwe katika mtungi au chombo cha kioo, kisijazwe mpaka juu, na mdomo wake ufunikwe kwa kitambaa ili hewa ipite na nzi wasipite. Baada ya wiki tatu au nne lichujwe. Siki hiyo hufaa kwa achari, kwa kachumbari, na kwa kulowekea samaki kabla ya kukaangwa. Chombo cha bati au alumini kisitumike, kwani siki hula madini hayo.

UAMINIFU WA MGEMA

Wahenga walisema: mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali hiyo imezoeleka katika hotuba na madarasani, hata watu wamesahau kwamba ilianza kama onyo la kweli la wanywaji. Maji ya kisima yaliyotiwa ndani ya tembo ili lijae huleta maradhi ya tumbo, na katika nchi ambazo kipindupindu huzuka mara kwa mara, Msumbiji ikiwa mojawapo, hilo si jambo la kuchekea.

Iko pia kumbukumbu iliyo nzito zaidi. Mwezi Januari 2015, katika mji mdogo wa Chitima, wilaya ya Cahora Bassa, jimbo la Tete, watu waliokusanyika msibani walikunywa pombe ya kienyeji ya nafaka, na 75 kati yao walifariki. Uvumi wa mwanzo ulisema kwamba mtu ametia nyongo ya mamba. Uchunguzi wa maabara ulionyesha jambo jingine: unga wa mahindi uliotumika ulikuwa umeharibika, na bakteria waliostawi ndani yake walitengeneza sumu iitwayo asidi ya bongkreki. Sumu hiyo haiharibiwi na moto. Waliokufa hawakurogwa wala hawakufanyiwa hila. Waliuawa na unga mbovu.

Pombe ya Chitima haikuwa tembo la mnazi, lakini funzo lake lamhusu kila anayeonja kinywaji kisichotoka kiwandani. Kuchemsha hakusahihishi kila kosa la mwanzo. Mnywaji mwenye busara huuliza lilipogemwa na saa ngapi. Hutazama chombo kama kimeoshwa kwa maji moto na kukaushwa juani. Hunusa kwanza: tembo zuri lanuka dafu na chachu, na lenye harufu ya kuoza halifai hata kwa siki. Hataki tembo lililotiwa sukari, magome au vidonge vya kuongeza ukali. Na hununua kwa mgema anayejulikana kijijini, kwa sababu mtu atakayekutana na wateja wake kesho asubuhi ana sababu ya kulinda jina lake leo.

Yafaa kuongeza neno kwa wale wenye sare. Utamu wa tembo huficha kileo chake, na lile lililokuwa tamu asubuhi huwa kali ndani ya chupa ile ile kabla ya jua kutua. Askari aliye zamu, dereva, na yeyote aliyekabidhiwa silaha, hana saa ya tembo mpaka zamu yake imekwisha. Watoto na mama wajawazito hawana saa hiyo kabisa. Tena chupa ya tembo isizibwe kwa nguvu, kwani hewa inayoendelea kuzalishwa ndani huweza kuipasua.

ALFAJIRI ZILIZOPOTEA

Tarehe 5 Oktoba 2017, watu wenye silaha walivishambulia vituo vya polisi katika mji wa Mocímboa da Praia. Huo ulikuwa mwanzo wa vita vilivyoenea katika wilaya za kaskazini za Cabo Delgado. Tarehe 25 Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipiga jimbo hilo hilo, kikavunja nyumba na kung'oa miti katika kisiwa cha Ibo, Quissanga na Macomia. Mwezi Agosti 2020 mji wa Mocímboa da Praia ulitekwa, na tarehe 24 Machi 2021 ikawa zamu ya Palma. Watu kwa mamia ya maelfu walihama, wengine kwa mashua kuelekea Pemba, wengine kwa miguu kuelekea Nangade, Mueda na Montepuez.

Katika hesabu ya misiba ya namna hiyo, tembo ni jambo dogo. Hakuna aliyekimbia akalia kwa ajili ya kibuyu. Lakini kazi ya mgema yaonyesha kwa uwazi vita huvunja nini katika maisha ya kila siku. Saa zake mbili za kazi, alfajiri na magharibi, ndizo saa ambazo watu katika eneo la vita huogopa kuonekana njiani. Mtu aliye juu ya mnazi huonekana kutoka mbali, na hawezi kushuka kwa haraka. Akijificha siku nne, makarara yake yote yamekauka. Akikimbilia nyanda za Mueda, huko si nchi ya minazi, na ufundi aliorithi hauna pa kufanyia kazi. Mvuvi akirudi baharini baada ya mwaka hukuta samaki, lakini mgema akirudi hulazimika kuanza tena na karara jipya, ikiwa mnazi wenyewe bado umesimama. Ule ulioanguka ukipandwa mwingine wa aina ndefu, kwa kawaida huchukua miaka 6 hadi 10 kuanza kuzaa.

Mwezi Julai 2021 majeshi ya Rwanda, na baadaye kikosi cha nchi za SADC kilichokuwa na askari wa Tanzania, Botswana, Lesotho, Afrika Kusini na wengineo, yaliingia Cabo Delgado kulisaidia jeshi la Msumbiji. Mocímboa da Praia ilikombolewa tarehe 8 Agosti 2021. Kikosi cha SADC kilimaliza kazi yake mwaka 2024. Wakazi wengi wamerudi Palma na Mocímboa da Praia, ingawa mwaka 2025 mashambulizi yalikuwa bado yakitokea katika wilaya kadhaa za jimbo hilo.

Kwa familia zilizorudi, mambo makubwa ni shule, zahanati, maji na mashamba. Lakini zipo dalili ndogo za amani ambazo hazimo katika taarifa za serikali, na mojawapo ni kikombe cha tembo tamu saa moja ya asubuhi. Kikombe hicho hakiwezi kuletwa na lori kutoka mbali, wala kuhifadhiwa ghalani kingoje hali iwe nzuri. Kikiwepo, maana yake yuko mtu aliyelala kwake, akatoka gizani peke yake, akakwea mnazi, akashuka salama, na anatumaini kukwea tena jioni.

Askari na polisi wanaolinda mwambao, wa upande huu wa Ruvuma na wa ng'ambo, huenda wasilionje tembo maishani mwao, kwa dini au kwa amri ya kazi. Hata hivyo mgema akiwapita njiani na kibuyu chake kabla ya jua, akawaamkia na kuendelea na safari yake bila ya kugeuka nyuma, hiyo ni shukrani tosha kwa zamu waliyoikesha.